Jembe la mgeni: siku ya kawaida ya anayejitolea ugenini

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipokea. Mwenyekiti ameniomba nieleze maisha ya kila siku ya mtu anayefanya kazi na shirika la kujitolea nje ya nchi yake. Nusu yenu humu ndani mmeshapata barua za kupangiwa vituo, na najua mnayoyawaza usiku. Mimi nitazungumza juu ya Jumanne. Jumanne ya kawaida isiyo na tukio lolote, kwa sababu siku za namna hiyo ndizo nyingi, na ndizo zinazoamua kama kwenda kwako kulikuwa na faida kwa mtu.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaojitolea tunaupenda msemo huu, maana jembe tunalitaka hata kabla ya siku ya kwanza kwisha. Tunasahau kwamba jembe ni la mwenyeji, na shamba analijua yeye.

Hili si jipya. Mwaka 1920 Mswisi mmoja, Pierre Cérésole, alikusanya watu wa mataifa mbalimbali, Wajerumani wakiwemo, wakaenda kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, kilichobomolewa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wakajenga makazi ya muda, wakatengeneza barabara. Ndipo lilipoanzia shirika la kujitolea la Service Civil International. Lakini baada ya miezi michache ilibidi waondoke, maana kuwepo kwa Wajerumani, maadui wa jana, kuliwasha mvutano. Nia yao ilikuwa safi kabisa. Ila ardhi ile ilikuwa na kidonda kibichi, na mwenye kidonda ndiye anayejua kinauma wapi.

Leo milango ni mingi. VSO ya Uingereza ilianza 1958, Peace Corps ya Marekani 1961, wa Japani wakafuata 1965, na mpango wa Umoja wa Mataifa wa kujitolea, UNV, ukaanzishwa na Baraza Kuu mwaka 1970. Peace Corps inamtaka anayejitolea akae miezi 27, mitatu ya mwanzo ikiwa ya mafunzo. Kwingine utakaa miezi sita au tisa. Shikeni hesabu hiyo, nitairudia.

Sasa Jumanne yenyewe. Mimi nilikuwa upande wa maji, kwenye kambi ya watu waliokimbia vita. Asubuhi tunaanza na kikao kifupi: usalama wa njia, gari gani linakwenda wapi, nani anaumwa. Halafu dereva anasubiri karatasi, karatasi inasubiri saini, na mwenye saini yuko kwenye simu. Zoeeni kusubiri. Mkikasirika, mtamkasirikia dereva, naye hana kosa.

Tukifika kambini tunapima maji. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika mengi ya misaada, unataka mtu apate angalau lita 15 kwa siku, na bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250. Ukisimama kwenye foleni ya bomba, namba hizo zinapata sura. Utamwona mama aliyefika gizani, ndoo yake ya pili imejaa nusu, presha imekata.

Kipimo cha klorini, dawa inayoua vijidudu majini, ni kiboksi cha plastiki kinachokaa kiganjani. Unakijaza maji ya bomba, unadondosha kidonge bila kukigusa kwa vidole, unafunga, unatikisa. Klorini ikiwemo, maji yanageuka rangi ya waridi. Unakiinua kwenye mwanga na kulinganisha na rangi zilizo pembeni. Pale watu wanapochotea tunataka kusoma kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita.

Jumanne ile maji ya tangini yalikuwa ya waridi vizuri. Bomba la kwanza sawa, la pili sawa. Bomba la tatu, maji hayakugeuka rangi. Nikarudia, vilevile. Moyo ulinidunda, maana watoto walikuwa wanakunywa pale pale mbele yangu. Nikatoa kikokotoo, nikaanza kupiga hesabu ya kuongeza klorini tangini.

Fundi wa maji, mwenyeji, mtu mzima kuliko mimi, aliniacha nimalize hesabu. Kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, kama tangi lina upungufu, mbona bomba la pili liko salama?" Akaanza kutembea akiufuata mstari wa bomba, mimi nyuma yake. Kama mita 60 hivi akapiga magoti penye udongo uliolowa, akafukua kwa mikono. Kiungio kilikuwa kimeachia, na pembeni yake unapita mtaro wa maji machafu. Pampu ikizimwa presha inashuka, uchafu unaingia ndani ya bomba, na klorini inaishia kupambana na huo uchafu kabla ya kufika kwenye ndoo.

Kama ningeongeza dozi, tatizo lingebaki palepale chini ya ardhi, na wa bomba la kwanza na la pili wangepata maji yenye harufu kali. Maji yakinuka klorini sana watu huyaacha, wakarudi mtoni. Ningeweza kuwafanya watu waugue nikiwa na karatasi safi ya hesabu mkononi.

Fundi yule alikuwa na miaka tisa kwenye kazi ile. Mimi nilikuwa na miezi sita. Ndiyo hesabu niliyosema nitairudia. Na kwa mashirika mengi ya nje, Madaktari Wasio na Mipaka wakiwemo, sehemu kubwa ya wafanyakazi ni waajiriwa wa palepale. Wewe utapigwa picha, wao watabaki. Wewe una tiketi ya kurudi, wao hali ya usalama ikiharibika hawana pa kwenda. Naomba hilo lisiwatoke akilini hata siku moja.

Kuhusu mkalimani nitasema machache. Mwangalie unayezungumza naye, usimwangalie mkalimani. Sentensi fupi. Mpe nafasi ya kupumzika, maana anachoka kuliko wewe: kila jambo zito analisikia na kulisema. Na usimtumie mtoto kutafsiri ugonjwa wa mama yake, hata kama hakuna mwingine na wewe una haraka.

Posho ya kujikimu si mshahara, lakini usijione fukara. Mbele ya watu unaowahudumia wewe una uwezo mkubwa mno: una gari, una orodha ya majina, una neno linalosikilizwa. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 2002 mashirika ya kibinadamu yana kanuni za pamoja ambazo hazina mjadala. Kutoa pesa, kazi au msaada ili kupata ngono ni marufuku. Ngono na mtu aliye chini ya miaka 18 ni marufuku, hata kama sheria ya mahali ina umri mwingine, na kusema ulidhani ni mkubwa si utetezi. Ukimshuku mwenzako, unatoa taarifa. Kuna watu waliokwenda kutafuta chakula wakakutana na mnyang'anyi aliyevaa fulana ya shirika. Nikilisema hili sauti yangu inabadilika, mniwie radhi.

Jioni kuna upweke, nalo mtalijua wenyewe. Laleni mapema.

Nimalizie na daftari. Nilipofika kituoni nilikabidhiwa daftari la aliyenitangulia, limejaa vipimo vya miezi, ila limeandikwa kwa lugha ya kwao. Mafundi hawakuweza kusoma hata ukurasa mmoja wa kazi waliyoifanya kwa mikono yao. Nikaamua langu liandikwe kwa lugha ya mafundi, tarehe, bomba, kipimo, kilichofanyika, na likae kwenye banda la pampu, si begini mwangu. Mwanzoni nilikuwa naandika mimi. Mwezi wa tatu tukawa tunapokezana. Mwezi wa tano sikuwa naandika tena.

Wiki ya mwisho nilichora ramani ya mabomba kwenye kurasa mbili za katikati, nikampelekea fundi. Aliikagua muda mrefu. Kisha akachomoa kalamu sikioni, akakata mstari mmoja nilioupitisha upande wa kulia wa mtaro, akauchora upya upande wa kushoto, akaandika jina lake chini.

Karibuni kwa maswali.