Mkono Uliotetemeka

Wazee wangu shikamooni, ndugu zangu na vijana karibuni. Asanteni kwa kutoka nje na baridi hii. Wiki hii Marekani inaadhimisha Siku ya Marais. Baadhi yetu humu tumeshaapa uraia na wengine makaratasi yao bado yanazunguka, kwa hiyo nimeona tuwazungumzie wale waliotangulia kuapa.

Aprili 30, 1789, New York. George Washington, rais wa kwanza, amesimama kwenye roshani ya jengo la Federal Hall. Amevaa suti ya kahawia ya kitambaa kilichofumwa hapa hapa nchini, Hartford, Connecticut. Biblia aliyoapia si yake, iliazimwa kutoka tawi la Freemason la St. John's. (Najua jina hilo linavyowatisha watu kwetu. Enzi zile waungwana wengi wa miji hii walikuwa wanachama, wala hawakujificha.) Biblia ikafunguliwa popote, ikaangukia Mwanzo 49, pale Yakobo anapowakusanya wanawe kabla ya kufa. Washington akaapa, akainama, akaibusu.

Kisha akaingia ndani kuhutubia. Seneta William Maclay alikuwamo, akaandika katika shajara yake kwamba jemadari huyu alibabaika kuliko alivyowahi kubabaika mbele ya mizinga na bunduki. Alitetemeka, mara nyingine hata kusoma kukamshinda. Na katika hotuba hiyo alisema jambo lake la kwanza kama rais lisingefaa kukosa dua kwa Mwenyezi. Walipomaliza, wakaenda kusali katika kanisa la St. Paul's.

Mimi naheshimu kule kutetemeka. Kumtaja Mungu jukwaani kila mgombea anaweza. Ninachotaka tukitazame leo ni pale imani ilipomfunga mtu mikono, alipokuwa na uwezo wa kutwaa akaacha.

Rudini nyuma kidogo, Desemba 23, 1783, Annapolis. Vita na Uingereza vimekwisha na jeshi liko nyuma ya Washington. Anaingia mbele ya Congress, yaani bunge, anarudisha hati yake ya uamirijeshi, anaikabidhi nchi kwa ulinzi wa Mwenyezi Mungu, anapanda farasi. Mkesha wa Krismasi alikuwa nyumbani kwake Mount Vernon. Mwaka 1796 akafanya tena vile vile: alitangaza kwamba hagombei muhula wa tatu, ingawa hakuna sheria iliyomzuia. Sisi tuliotoka pande ambako katiba imewahi kurekebishwa ili mzee aendelee kukaa, hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Agosti 1790 alizuru Newport, Rhode Island. Wayahudi wa mji ule walikuwa wachache sana, na mzee wao wa sinagogi, Moses Seixas, alimwandikia salamu. Ndani yake alishukuru kupata serikali isiyoupa ubaguzi kibali wala mateso msaada. Washington alipojibu aliyachukua maneno yale yale ya Seixas akamrudishia, safari hii yakiwa na sahihi ya rais. Kisha akaongeza ya nabii Mika, kwamba kila mtu ataketi salama chini ya mzabibu wake na mtini wake, wala hapana wa kumtia hofu. Aliwaambia pia kwamba hilo si suala la kuvumiliwa tu, kana kwamba kundi moja linalifanyia jingine hisani. Ni haki yao ya kuzaliwa. Mimi barua hii naiweka juu ya hotuba zake zote.

John Adams, rais wa pili, nitampitia haraka. Novemba 1800, akiwa ndiyo kwanza amehamia ile nyumba ya marais, haijaisha hata kujengwa, alimwandikia mkewe Abigail akiomba Mbingu iibariki, na wasitawale chini ya paa lake ila watu waaminifu na wenye hekima. Akashindwa uchaguzi. Machi iliyofuata akaondoka kabla ya mapambazuko bila kumsubiri mshindi aapishwe, lakini aliondoka.

Mshindi ni Thomas Jefferson, na si haki kumgeuza mlokole baada ya kufa. Injili aliikatakata, akabakiza mafundisho ya Yesu, miujiza akaiacha. Lakini Desemba 9, 1805 alikuwa na mgeni, Sidi Soliman Mellimelli, balozi wa Tunis, na ilikuwa Ramadhani. Chakula cha rais kiliandaliwa kwa kawaida saa tisa na nusu alasiri. Siku hiyo mwaliko ulisema jua likizama. Waislamu mliomo humu mnajua maana ya mwenyeji kusogeza sahani kwa ajili ya swaumu ya mgeni.

Sasa lile zito. Siwezi kusimama mbele yenu, Mwafrika mbele ya Waafrika, nikaliruka. Adams hakumiliki mtumwa. Jefferson, mwandishi wa maneno kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki zaidi ya 600 katika maisha yake. Mount Vernon mwaka 1799 walikuwako watumwa 317. Katika wosia wake Washington aliagiza 123 waliokuwa mali yake waachwe huru mkewe atakapofariki. Waliotoka kwenye urithi wa mume wa kwanza wa mkewe, kisheria hakuweza kuwagusa.

Mmoja wa hao wa urithi aliitwa Christopher Sheels, mtumishi wake wa chumbani. Desemba 14, 1799, Washington akikata roho kwa ugonjwa wa koo, Christopher alisimama kando ya kitanda karibu mchana kutwa. Alasiri mgonjwa alimwona, pumzi yenyewe ikimpa tabu, akamwambia aketi. Christopher akaketi. Usiku ule bwana wake akafa, na wosia ukafunguliwa, na jina la Christopher halikuwa miongoni mwa wale 123.

Nawakaribisha kwa maswali.