Daraja la Bawa Moja: Mhadhara kuhusu Pengo la Mbele

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa kufika. Mtu mwenye pengo la mbele akikaa kwenye kiti changu, huniuliza mengi, lakini kuna swali moja ambalo hakosi kuliuliza: "Daktari, daraja la jino litakaa?" Leo nimekuja kulijibu hilo tu. Jibu lake limebadilika sana katika miaka 30 hivi, na bado wapo wagonjwa wanaopewa lile la zamani.

Daraja la kawaida mnalijua. Meno mawili ya jirani huchongwa pande zote, yakavikwa mataji, na jino bandia likakaa katikati. Hufanya kazi vizuri, ila meno mawili mazima yamepoteza sehemu kubwa ya mwili wake ili kuziba nafasi ya jino moja. Daraja la kubandika huenda njia nyingine. Jino bandia hutengenezwa likiwa na bawa jembamba, na bawa hilo hubandikwa nyuma ya jino jirani, upande wa ulimi. Jirani huyo hukwanguliwa kidogo tu, tena ndani ya enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, mara nyingi bila hata ganzi.

Msingi wake ni wa mwaka 1955, pale Michael Buonocore alipoonyesha kwamba asidi ya fosfori huifanya enameli iwe na vitundu vidogo ambavyo rezini, yaani gundi ya plastiki, inaweza kuving'ang'ania. Mwaka 1973 Alain Rochette akaeleza namna ya kubandika chuma chenye matundu nyuma ya meno ya mbele. Miaka ya 1980 ilipoanza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, wakaboresha mshiko wa chuma, na daraja likapata jina la chuo hicho. Lakini chuma kilibaki chuma: jino la mbele ni jembamba, mwanga hupita, na kivuli cha kijivu huonekana. Ndiyo sababu wataalamu wakageukia seramiki, yaani kauri ya meno.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye jambo lililonibadilisha mimi mwenyewe. Seramiki za mwanzo zilitengenezwa na mabawa mawili, moja kila upande. Nani asingefanya hivyo? Daraja la mto huegemea kingo zote mbili. Matthias Kern na wenzake nchini Ujerumani wakaona madaraja hayo yakivunjika kwenye kiungo cha upande mmoja, kisha jino bandia likaendelea kuning'inia upande wa pili bila tabu. Wakachukua somo hilo wakatengeneza ya bawa moja kwa makusudi. Baada ya miaka 10, yale ya mabawa mawili yaliyodumu yalikuwa asilimia 73.9, na ya bawa moja asilimia 94.4. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, na seramiki ilikuwa ya alumina, yaani oksidi ya alumini. Ikaja zirkonia, seramiki nyingine ambayo ni imara zaidi: ufa ukianza, fuwele zilizo kwenye ncha yake hutanuka na kuubana. Mwaka 2017 timu hiyo ilitoa matokeo ya madaraja 108 ya zirkonia yenye bawa moja, na makadirio ya kudumu kwa miaka 10 yalikuwa asilimia 98.2.

Kwa nini moja lishinde mawili? Jino halijapigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Limeshikwa na nyuzi laini, na kila jino husogea kidogo unapouma, kwa mwelekeo wake. Ukiyafunga mawili kwa kitu kigumu, kila tonge linavuta huku na kule. Tena kuna hatari ninayoiogopa kuliko kuvunjika: bawa moja kati ya mawili likibanduka, mgonjwa hajui. Daraja bado limesimama, uchafu unaingia chini ya bawa, na jino zima linaoza gizani. La bawa moja likiachia, linatoka lote. Mgonjwa anajua siku hiyo hiyo, na mara nyingi linabandikwa tena.

Siwezi kuondoka bila kusema kwamba takwimu hizo ni za mikono makini. Asidi haiikwaruzi zirkonia, hivyo bawa hupulizwa unga laini wa alumina kwa shinikizo dogo, kisha hutumika rezini yenye kiambato cha MDP, kinachoshikamana na zirkonia yenyewe. Jino hutengwa na mate kwa shuka la mpira. Tone moja la mate kwa wakati usiofaa linaweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Kiungo kati ya bawa na jino bandia kinahitaji kimo cha milimita 3 na upana wa milimita 2 hivi. Panapokosekana nafasi hiyo, mimi humwambia mgonjwa ukweli na kutafuta njia nyingine. Hali kadhalika jirani akiwa na kijazo kikubwa au enameli iliyolika, au mtu akisaga meno sana usingizini.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Ni kweli kwamba daraja halirudishi mzizi, na mfupa chini ya pengo huendelea kupungua. Lakini mfikirie kijana aliyezaliwa bila jino la pembeni la mbele juu. Kipandikizi, yaani mzizi bandia unaopandwa kwenye mfupa, hakimfai bado, kwa kuwa taya linakua na kipandikizi hakisogei nalo; baada ya miaka jino lake litaonekana fupi kuliko wenzake. Kijana huyo hana haja ya kuficha kinywa chake mpaka ukuaji uishe. Bawa moja linaweza kumbeba, na akitaka kipandikizi baadaye, mlango haujafungwa. Kama aliwahi kuvaa waya za kunyoosha meno, aendelee na kishikizi cha usiku, kwa sababu bawa moja haliwezi kuzuia meno kurudi yalikotoka.

Na likibanduka? Usilibandike kwa gundi ya dukani. Lioshe, liweke kwenye kikopo kigumu, njoo nalo mapema kabla meno ya jirani hayajaanza kusogea.