Sukari yawa lulu: mazungumzo juu ya neno moja la baharini

Mabibi na mabwana, hamjambo. Kabla sijaanza, naomba hizi punje tatu zipite mkono kwa mkono kuanzia safu ya mbele. Mbili nimezinunua Kariakoo, za plastiki, zile ambazo mafundi hushonea magauni ya harusi na kuziita lulu bila kusita. Ya tatu imetoka kwenye chaza. Macho yatawadanganya, kwa hiyo isugueni taratibu kwenye ncha ya jino: ya plastiki huteleza, ya kweli hukwaruza kidogo, kama ina mchanga laini. Kitambaa kiko hapo, futa kabla hujampa jirani.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, wenzetu husema lu'lu', nasi tukalilainisha. Asili ya kito haina makuu. Kidudu au kitu kigeni kikijipenyeza kati ya gamba na nyama, chaza hukifunika kwa utando ule ule unaong'arisha gamba lake kwa ndani, tabaka juu ya tabaka. Sehemu kubwa ni chokaa. Itumbukize kwenye siki kali, uiache humo, uone itakavyoliwa.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu na rafiki yangu mmoja, mshairi. Yeye hukasirika kila akisoma gazetini "Sukari yawa lulu" au "Maji yawa lulu". Anasema waandishi wameliharibu neno: lulu ni sifa, ni uzuri, utaifananishaje na kilo ya sukari isiyoonekana dukani? Mimi niko upande wa gazeti. Naona mwandishi yule, pengine bila kujua, amerudi kwenye kiini cha neno.

Twendeni Ghuba, Bahrain na Kuwait, zama zile uzamiaji ulipokuwa riziki ya watu. Msimu ulikuwa wa kiangazi, miezi ya joto kali. Mzamiaji hubana pua kwa kibanio, hushuka na jiwe la kumvuta chini, na mwenzake juu chomboni ameshika kamba, akingoja itikiswe amvute. Bwana mkubwa wa chombo ni nahodha, tunamwita sote jina moja, wao na sisi. Rundo la chaza hupasuliwa lote na isipatikane hata punje moja ya maana. Thamani ilitoka hapo, kwenye kukosa.

Kisha Mjapani Mikimoto Kokichi, mwaka 1893, akafanikiwa kumfanya chaza atengeneze lulu kwa kumpandikizia kitu ndani. Zilikuwa nusu duara tu, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Miaka ya 1920 lulu za kufugwa zikaingia sokoni kwa wingi, mdororo wa uchumi wa 1929 ukafuatia, na biashara ya Ghuba ikaporomoka. Lulu zilipokuwa nyingi, lulu haikuwa lulu tena. Sentensi hiyo mmeielewa bila shida, na mmeielewa kwa maana ya gazetini. Rafiki yangu hajanijibu mpaka leo.

Nisiwafiche, katika wazamiaji wale walikuwamo Waafrika wengi, na baadhi yao walichukuliwa utumwani kutoka pwani hii yetu. Ulikuwepo mtindo, huko Uarabuni na hapa kwetu pia, wa kuwapa watumwa majina ya vito: Feruzi, Almasi, Marijani, Johari. Lulu nalo lilikuwemo, tena kwa wanaume. Badr al-Din Lulu, aliyetawala Mosul karne ya 13, alianza maisha kama mtumwa. Leo Lulu kwetu ni msichana na Almasi ni mwanamume, na anayemwita mwanawe hivyo hawazi habari hizo. Ila mimi hunijia picha ya mtu aitwaye Marijani, kibanio puani, akitafuta chini ya maji kito ambacho hatakivaa.

Marijani na lulu ni mtu na nduguye. Suratul Rahman, aya ya 22, inavitaja pamoja. Watu huchanganya marijani na matumbawe. Matumbawe ndiyo yale tunayojengea nyumba na kuchomea chokaa. Marijani yenyewe, nyekundu, ya kuvaliwa, ilikuja na biashara kutoka bahari ya Mediterania. "Lulu ya Afrika" ya Waganda naiacha, hiyo imetufikia kwa mlango wa Kiingereza.

Lakini mshairi wangu ana haki mahali pamoja. Mwana Kupona wa Pate, katika utendi aliomtungia binti yake yapata 1858, anamwahidi kidani cha lulu na marijani, na kidani chenyewe ni yale maneno ya wosia. Angalieni kitenzi: kutunga. Tunatunga ushanga, tunatunga samaki, tunatunga shairi. Kwa Kiarabu pia nadhm ni kupanga lulu kwenye uzi, na ndiyo tungo. Sukari ya gazetini haipo, basi haitungiki. Lulu ya Mwana Kupona ilipatikana, ikatobolewa, ikapita uzi, ikafika shingoni mwa mtoto.

Haya, punje zangu ziko wapi? Naona mbili tu.