Stakabadhi iliyolipwa mara mbili

SOMOE: Karibuni tena. Mimi Somoe, nipo Shangani, Mtwara. Dirisha nimelifunga maana jirani anakaanga pweza na tukiliacha wazi kipindi hakitaisha. Mwenzangu huyu hapa.

ISSA: Issa. Nimetoka Lindi na basi la alfajiri, kwa hiyo nikipiga miayo mnisamehe.

SOMOE: Leo tunaongelea kuthibitisha programu kwa hisabati. Msikilizaji, usikimbie kwanza. Kaka Issa ana kisa cha korosho.

ISSA: Kisa cha aibu, dada. Misimu kadhaa nyuma niliitengenezea AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima, programu ya malipo, jina lake naliacha. Mambo unayajua: mkulima analeta korosho ghalani, zinapimwa, anapewa stakabadhi, mnada unapita, pesa inaingia, karani analipa. Nikaijaribu wiki nzima. Stakabadhi 200 za uongo, zote zikalipika bila shida.

SOMOE: Siku yenyewe ikawaje?

ISSA: Makarani wawili, kompyuta mbili, foleni imefika mwembeni. Mtandao unasuasua. Mzee mmoja kaikabidhi stakabadhi yake kwa karani wa kwanza. Mwanawe, kwa kutaka wawahi, kampelekea karani wa pili namba ileile kwenye simu. Wote wakabonyeza. Mzee kalipwa mara mbili.

SOMOE: Akazirudisha?

ISSA: Siku hiyohiyo. Akaniambia, "Mwanangu, mashine yako inanipenda sana." Nilitamani ardhi inimeze.

SOMOE: Pole. Sasa tuifungue, tuone ndani.

ISSA: Programu ilikuwa na hatua tatu. Kusoma: hii imelipwa? Kutuma pesa. Kuandika "imelipwa". Karani wa kwanza anasoma, anaona bado. Kabla programu yake haijaandika, wa pili naye anasoma, anaona bado. Kwisha habari.

SOMOE: Jana nilikaa na karatasi. Hatua tatu za huyu na tatu za yule zinaweza kupishana kwa njia 20. Njia salama ni mbili tu: huyu amalize zote ndipo yule aanze, au kinyume chake. Zile 18 zote zinamlipa mzee mara mbili.

ISSA: Na mimi nilijaribu peke yangu, kwenye kompyuta moja. Yaani wiki nzima nilikuwa napita kwenye zile mbili!

SOMOE: Ukimweka karani wa tatu njia zinafika 1,680. Ndiyo maana Dijkstra, yule mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi, alikuwa akisema tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba majaribio yanaweza kukuonyesha hitilafu ipo, lakini hayawezi kukuonyesha kwamba haipo. Ni sawa na kuchoma bambo kwenye gunia la mpunga. Punje zilizotoka ni nzuri, haya, na zilizobaki chini?

ISSA: Baada ya fedheha ile ndipo nikajifunza TLA+. Ni lugha ya Leslie Lamport, Mmarekani aliyepata tuzo ya Turing, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2013. Huandiki programu humo. Unaandika hali zinazowezekana, hatua zinazoruhusiwa, na sharti ambalo halitakiwi kuvunjika kamwe. Kikaguzi chake kinapita njia zote, moja baada ya nyingine, na kikikuta sharti limevunjika kinakuonyesha hatua kwa hatua ilivyokuwa.

SOMOE: Ya kwako ilikuwa ndefu?

ISSA: Nusu ukurasa. Kosa likatoka papo hapo. Nikarekebisha: programu iandike "imelipwa" kwanza, kusoma na kuandika viwe pigo moja, halafu ndipo itume pesa. Nikajiona fundi. Kikaguzi kikanirudi: umeme ukikatika katikati ya kuandika na kutuma, mkulima ameandikwa amelipwa na pesa hajaiona.

SOMOE: Huku kwetu umeme ukakatike wapi tena!

ISSA: Ndiyo hivyo. Ikabidi niongeze hali ya tatu, "inalipwa", ili ikiwaka tena karani aende kuhakiki benki kwanza.

SOMOE: Wahandisi wa Amazon waliandika mwaka 2015 kwamba TLA+ iliwaonyesha hitilafu kwenye DynamoDB, hifadhidata yao. Njia fupi kabisa ya kuifikia ilikuwa na hatua 35. Nani ataota hatua 35 kichwani?

ISSA: Lakini dada, tusiwapake watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna seL4, kiini cha mfumo endeshi kilichothibitishwa Australia mwaka 2009. Mistari kama 8,700 ya lugha ya C. Uthibitisho wake ukawa mistari kama 200,000, na kazi ya takriban miaka 20 kama ingefanywa na mtu mmoja. Nani huku atalipia hiyo? Mteja wangu anataka kuona skrini na vitufe vya rangi.

SOMOE: Wao walithibitisha msimbo wenyewe. Wewe ulihitaji nusu ukurasa, na hukuiandika mapema. Usijifiche nyuma ya seL4, kaka.

ISSA: Hapo umenipata. Sisi mafundi tuna ugonjwa wa "tutarekebisha mbele kwa mbele". Anayekaa kufikiri siku mbili bila kugusa kibodi anaonekana mvivu.

SOMOE: Bosi akipita anamuuliza kama ameishiwa bando.

ISSA: Sasa subiri. Sharti langu lilisema: stakabadhi hailipwi zaidi ya mara moja. Kikaguzi kikapita njia zote, safi. Nikampelekea katibu wa chama ule mstari mmoja, kwa Kiswahili. Akausoma, akavua miwani. "Na malipo ya pili je?"

SOMOE: Mungu wangu.

ISSA: Chama kikilipa kwa awamu, stakabadhi moja inalipwa mara mbili kihalali. Programu yangu, imethibitishwa kabisa, ingewanyima wakulima wote awamu ya pili. Bila kukosea hata mmoja!

SOMOE: Hisabati imekutii.

ISSA: Imenitii mno. Na katibu hajui msimbo, ningempa kurasa 40 angenisainia tu niondoke. Mstari mmoja aliuelewa. Tukaubadilisha: jumla aliyopokea mkulima isizidi anachodai. Akauliza, anachodai kabla ya makato au baada? Tukabadilisha tena. Chai ikapoa.

SOMOE: Sasa mko mstari wa ngapi?

ISSA: Wa 11. Wa 12 ni wa mkulima aliyefariki kati ya awamu ya kwanza na ya pili.

SOMOE: Jibu lake?

ISSA: Katibu kaenda kumuuliza kadhi. Mimi nimeacha nafasi wazi.