Kuambua Grafaiti kwa Maji na Protini

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Kaka Baraka, leo tuanze na grafaiti, ileile iliyomo ndani ya penseli.

BARAKA: Asante, dada Zuhura. Humo atomi za kaboni zimepangana tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Kila tabaka ni imara ajabu, lakini mshiko kati ya tabaka na tabaka ni dhaifu. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliambua kwa utepe wa gundi hadi wakabaki na unene wa atomi moja tu. Hiyo ndiyo grafini, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobeli.

ZUHURA: Ila kwa utepe hupati hata gramu moja.

BARAKA: Ndiyo maana wengi walikimbilia kemikali. Njia ya Hummers ya mwaka 1958 hutumia asidi ya salfuriki na pamanganeti ya potasiamu. Oksidi ya grafini, yaani grafini iliyoshikwa na oksijeni, unaipata kwa wingi, pamoja na maji machafu yenye asidi na manganizi. Wengine waliambulia ndani ya kiyeyushi cha NMP, ambacho ni hatari kwa mimba.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapokasirika! Grafini hii watafiti wanataka ibebe dawa mwilini mwa mgonjwa, halafu unaitengenezea ndani ya sumu? Mabaki yake hung'ang'ania, kuyaosha yote ni kazi.

BARAKA: Kweli kabisa. Mwaka 2014, kundi la Jonathan Coleman wa Trinity College Dublin lilionyesha kuwa maji, sabuni ya vyombo na blenda ya jikoni vinatosha. Maji yakizunguka kwa kasi, tabaka moja linasukumwa mbele kuliko la chini yake, linateleza na kutoka.

ZUHURA: Sabuni nayo huwezi kuiingiza kwenye damu.

BARAKA: Ndiyo sababu nazipenda protini, mfano albumini ya damu ya ng'ombe. Upande wake unaokwepa maji hushika grafini, unaopenda maji hutazama nje, hivyo vipande havirudi kugandana. Tena hubaki kama vazi. Jelatini hufanya hivyohivyo, na njia hii huambua hata molibdeni disalfaidi, ambayo nayo ina tabaka kama grafaiti.

ZUHURA: Na mashine za kusagia kwa gololi?

BARAKA: Zinafaa, lakini gololi za chuma hulika na kuacha chembe za chuma ndani ya unga. Mawimbi ya sauti nayo huambua, lakini ukiyaendesha muda mrefu, hula umeme na kuvunjavunja vipande.

ZUHURA: Na udogo wa vipande si jambo la kupuuza. Kipande ambacho seli inaweza kukimeza hakina tabia sawa na kile kinachoizidi ukubwa.

BARAKA: Maji safi peke yake hayathibitishi usalama. Ukiniletea chupa ya grafini ya protini, nitakuuliza upana wa vipande, idadi ya tabaka na madini yaliyobaki, kisha seli zilibaki hai kwa kipimo gani.

ZUHURA: Na ukitengeneza chupa ya pili, maswali ni yaleyale, upya.