Wiski Nne Mezani: Namna ya Kuzionja na Kuzilinganisha Nyumbani

Karibuni, watazamaji. Mezani nina chupa nne za wiski, glasi nne zinazofanana, jagi la maji, slesi za mkate usiopakwa chochote, na sirinji mbili zisizo na sindano. Leo nitawaonyesha namna ya kuzionja wiski hizi zikiwa zimekaa pamoja, moja kando ya nyingine, kwa sababu wiski ikinyweka peke yake leo na nyingine wiki ijayo, ulimi hausemi lolote zaidi ya kwamba zote ni kali. Maelekezo haya ni ya watu wazima waliotimiza miaka 18, ambao baada ya kuonja hawataendesha gari wala pikipiki.

Nimechagua chupa ambazo hupatikana bila taabu katika maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi. Ya kwanza ni Jameson ya Ayalandi, inayotengenezwa Midleton katika jimbo la Cork. Ya pili ni Glenfiddich ya miaka 12, kutoka mji mdogo wa Dufftown, Uskoti. Ya tatu ni Jim Beam ya lebo nyeupe, kutoka Kentucky, Marekani. Ya nne ni Johnnie Walker Black Label, wiski ya Uskoti iliyochanganywa. Chupa zangu zote zina kilevi cha asilimia 40. Tafadhali soma lebo za chupa zako, kwa maana baadhi ya masoko huletewa zenye asilimia 43, na ile iliyozidi itaonekana nzito kuliko wenzake kwa sababu ya kilevi tu. Kununua mizinga minne kwa mkupuo ni gharama kubwa. Mkiwa marafiki wanne, kila mmoja aje na chupa yake. Kagua pia stempu ya kodi kwenye kifuniko, na chupa yoyote ambayo mfuniko wake umeshalegezwa iache palepale dukani.

Kabla ya kufungua chochote, shughulikia chumba. Usichome udi siku hiyo, usijipulizie manukato, wala usikaange vitunguu jirani na meza. Kahawa, pilipili na dawa ya meno viachwe kwa muda wa saa moja hivi kabla ya kuanza. Kwa joto la huku kwetu pwani mimi huziweka chupa zote nne ndani ya friji kwa dakika kumi, zipoe kidogo bila kuwa baridi, kwa sababu wiski yenye joto la chumba cha Dar es Salaam hutoa mvuke wa kilevi unaoziba harufu nyinginezo. Barafu haina nafasi katika zoezi hili, kwani hufungia harufu ndani ya kinywaji. Ukishamaliza kulinganisha, kunywa upendavyo.

Kuhusu glasi: hii ninayoishika, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, inaitwa Glencairn, na imekuwa sokoni tangu mwaka 2001. Umbo lake hukusanya harufu na kuipandisha hadi puani. Usipokuwa nayo, tumia glasi ndogo za mvinyo, ilimradi zote ziwe za aina moja. Bilauri pana ya maji haifai, kwa sababu harufu hutawanyika kabla hujaifikia.

Sasa tunamimina. Sirinji hizi hununuliwa duka la dawa kwa bei ndogo, na nina sababu ya kutaka mbili: moja ni ya wiski, nyingine ni ya maji, na zisibadilishane kazi. Navuta mililita 15, natia glasi ya kwanza, nasuuza sirinji, navuta tena. Glasi zote nne zikijaa kiwango hicho, kila mtu ana mililita 60 tu mbele yake, na hizo zinatosha jioni nzima. Weka pia kikombe kitupu cha kutemea. Waonjaji wa kazi hutema, na kufanya hivyo si utovu wa adabu.

Tuangalie rangi. Samahani, naona kwenye skrini kwamba taa ya juu ni ya njano, hivyo glasi zote nne zimekuwa na rangi moja. Mdogo wangu anayeshika kamera, naomba usogee hapa dirishani. Naweka karatasi nyeupe nyuma ya glasi. Haya, sasa inaonekana: Jameson ni ya dhahabu iliyopauka, Jim Beam imeelekea wekundu wa asali ya nyuki wadogo. Wengi huamini kwamba wiski yenye rangi nzito ndiyo kongwe zaidi, na imani hiyo huwagharimu fedha. Sheria ya Uskoti inaruhusu kutia rangi ya karameli, kwa hiyo wiski ya huko inaweza kuwa nyeusi kwa sababu ya karameli tu. Bourbon, yaani wiski ya aina ya Jim Beam, hairuhusiwi kutiwa rangi. Wekundu wake wote umetoka kwenye pipa. Itazame rangi kwa furaha, lakini usiitumie kuamua chochote.

Tunaingia kwenye kunusa, na hapa tutakaa. Usichomeke pua ndani ya glasi. Ishike chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo, kisha ipandishe taratibu hadi harufu ianze kukufikia. Pua ikichomwa na kilevi mara moja, itakaa dakika kadhaa bila kunusa kitu. Subirini kidogo. Nanusa glasi ya kwanza na sipati chochote, na sababu nimeiona: feni bado inazunguka juu ya kichwa changu na inapeperusha kila kinachotoka kwenye glasi. Naizima. Tutatokwa na jasho, lakini feni na wiski haviwezi kufanya kazi katika chumba kimoja.

Naam. Jameson inakuja nyepesi, tamu kidogo, bila ukali. Sehemu yake moja hutokana na shayiri iliyooteshwa, yaani kimea, ikichanganywa na shayiri ambayo haikuoteshwa, na hukenekwa mara tatu, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa uwe kinywaji tena. Kila inapokenekwa hupoteza sehemu ya uzito wake, ndiyo maana inateleza hivi. Glenfiddich hutengenezwa kwa kimea cha shayiri pekee na hukenekwa mara mbili katika mitungi ya shaba. Kimea si kitu kigeni kwetu, kwani Wachagga hutumia kimea cha ulezi katika mbege. Katika glasi hii mimi napata tufaha bichi na pea, na nyuma yake kuna asali.

Jim Beam ndiyo ninayoipenda zaidi kunusa, na nitaeleza kwa nini. Kisheria, bourbon lazima itokane na nafaka ambazo mahindi ni angalau asilimia 51, na lazima ihifadhiwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani kwa moto. Moto ule huvunja sehemu ya mti na kuacha kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Mwaloni wa Kimarekani huongeza harufu inayokaribia nazi. Nusa tena, polepole. Mimi napata vanila, sukari iliyoungua, karanga zilizokaangwa, na kwa mbali tui la nazi. Kwa kuwa mapipa lazima yawe mapya kila mara, watu wa Kentucky hubaki na mapipa mengi yaliyotumika, na mengi huuzwa Uskoti na Ayalandi. Rudi sasa kwenye Glenfiddich, ambayo sehemu yake imekaa katika mapipa ya namna hiyo. Vanila ipo, ila imepungua sauti. Uhusiano huo huwezi kuugundua mpaka glasi mbili zikae pamoja, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya kulinganisha.

Ya mwisho ni Black Label. Hapa kuna moshi. Katika baadhi ya sehemu za Uskoti, hasa kisiwa cha Islay, kimea hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa mabwawani uliofanyika kwa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Watazamaji wa Rwanda wanaufahamu kwa jina la nyiramugengeri, na kule Gishoma umejengwa mtambo wa kuuchoma ili kuzalisha umeme. Black Label huchanganya wiski nyingi, baadhi zikiwa zimepitia moshi huo, na namba 12 kwenye lebo inahesabu umri wa ile iliyo changa kuliko zote zilizomo.

Andika unachonusa kwa majina ya vitu unavyovijua. Vitabu vya Uskoti hutaja maua ya milimani kwao ambayo wengi wetu hatujawahi kuyaona, na hakuna sababu ya kuyanukuu. Kama glasi ya nne inakupa ng'onda au moshi wa jiko la kuni, andika hivyo. Kama ya tatu inakupa kashata, iandike kashata. Daftari lako litakufaa baadaye kuliko la mtu mwingine yeyote.

Kuonja hakuhitaji maneno mengi. Chukua kiasi cha kulowesha ulimi, kizungushe mdomoni, meza au tema, kisha ngoja. Hesabu ladha inadumu kwa muda gani baada ya kumeza. Kula kipande cha mkate, kunywa maji, nenda glasi inayofuata. Anza na Jameson na umalizie na Black Label, kwa sababu moshi ukitangulia utabaki mdomoni na kuzifunika zote zinazofuata.

Naomba sasa utulivu wako wote, kwa sababu hatua ya maji ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Tunaongeza tone moja. Narudia: tone moja, kwa sirinji ya maji, wala usitumie jagi. Maji yakishaingia hayatoki. Kamera isogee karibu na glasi ya Jim Beam. Nabonyeza polepole sana, tone linaning'inia, linaanguka. Mnaona nyuzi zile zinazojisokota ndani ya wiski kama mafuta? Ni maji na kilevi vikikutana kabla havijachanganyika, na zitatoweka muda si mrefu. Nanusa. Ukali umeshuka na karanga zimesogea mbele.

Naongeza tone la pili. Nanusa. Tone la tatu. Nanusa tena. Usiruke kunusa kati ya tone na tone, na usibonyeze sirinji kwa nguvu, kwa kuwa bomba lililokuwa likitoa tone linaweza kutoa mililita mbili ghafla, na utakuwa umepita mahali ulipokuwa unapatafuta. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kilevi kinapopunguzwa kwa maji, gwayakoli, ambayo ni mojawapo ya kemikali zenye harufu ya moshi, husogea kuelekea uso wa kinywaji, pale pua inapoweza kuipata. Jaribu kwa Black Label na utaona moshi ukipanda. Ila tone moja moja, tafadhali.

Ukitaka vipimo, hesabu ni nyepesi. Mililita 15 za wiski ya asilimia 40, zikiongezwa mililita 5 za maji, hushuka hadi asilimia 30. Zikiongezwa maji sawa na zenyewe, yaani mililita 15, hufika asilimia 20, kiwango ambacho wachanganyaji wa wiski hupenda kukitumia wanaponusa kazini. Mimi kwa kunywa siendi mbali hivyo; Glenfiddich naiongeza matone matatu au manne, na Jameson naiacha kama ilivyo. Fikia kiwango chako taratibu, na ukishakipata kiandike.

Baada ya hapo funga majina. Suuza glasi, mimina upya, kisha mtu mwingine abandike herufi chini ya kila glasi na kuzipanga upya ukiwa nje ya chumba. Rudi, nusa, onja, andika. Jaribio ninalolipenda zaidi ni la glasi tatu: mbili zina wiski moja, ya tatu ina nyingine, nawe utafute iliyo tofauti. Anayebahatisha hupata mara moja katika tatu, hivyo rudia mara kadhaa kabla ya kujitangazia ushindi. Fanya kwanza kwa Jameson na Black Label, kisha, ukijiamini, Jameson na Glenfiddich. Ikiwa huwezi kuzitofautisha hata kidogo, nunua iliyo nafuu na utulie nayo.

Chupa zilizobaki zisimamishwe wima, mbali na jua. Mvinyo hulazwa, lakini wiski ikilazwa kilevi chake hukila kizibo. Chupa iliyobaki chini ya robo imimine kwenye chupa ndogo safi inayojaa hadi shingoni, kwa sababu hewa nyingi hufifisha harufu. Glasi hizi za mdomo mwembamba nauza, na maelezo yapo chini ya video. Katika video ijayo nitaweka Laphroaig ya Islay kando ya hii Black Label, ili tufuate moshi hadi kisiwa unakotoka.