Kiu si Kiu: Namna ya Kumwanzisha Mzanzibari Kiesperanto

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu wa lugha, Chake Chake, Pemba

Asalaam alaykum, walimu wenzangu. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshaniwekea saa yake mezani, kwa hivyo sitozunguka. Nimekuja na jambo moja. Kiesperanto kikifundishwa hapa kwetu kwa kupitia Kiingereza, mwanafunzi tunamvusha bahari mara mbili kumpeleka nyumba ya jirani. Mtoto wa Wete au wa Konde anayo sehemu kubwa ya lugha hii mdomoni kabla hajafungua daftari. Kazi ya mwalimu ni kumwonesha alichonacho, kisha kukaa naye pale pachache panapomshinda.

Kwa wasiokijua, maneno mawili tu. Kiesperanto ni lugha ya kuundwa. Ilitoka mwaka 1887 mjini Warsaw, katika kijitabu cha daktari wa macho, L. L. Zamenhof, aliyejificha nyuma ya jina la Doktoro Esperanto, yaani daktari mwenye kutumaini. Kazaliwa 1859 Białystok, mji uliokuwa chini ya Urusi, ambako Mrusi, Mpoland, Mjerumani na Myahudi kila mmoja na lugha yake, na kila mmoja akimtilia shaka mwenziwe. Agosti 2024 mkutano mkuu wa dunia wa wasemaji wake, wa 109, ulifanyika Arusha, mara ya kwanza kuja Afrika. Tangu hapo watu wananiuliza mambo ambayo zamani walikuwa wakinicheka nayo.

Na yuko atakayesema kwamba lugha iliyotengenezwa mezani si lugha. Sisi Wapemba tusiwe wepesi wa kusema hivyo. Mwaka 1928 walikaa watu mezani Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifu, na Kipemba chetu kikaambiwa kisubiri uani. Mambo ya lugha kupita mezani tunayajua, na mishahara yetu inatoka humo humo. (Kicheko.)

Haya, sauti.

Irabu ni tano: a, e, i, o, u. Kila moja ina sauti yake moja. Mkazo unaanguka silabi ya pili kutoka mwisho, siku zote. Mwingereza hapo ana kazi ya wiki nzima, maana kwao irabu isiyo na mkazo huliwa. Mwanafunzi wa Micheweni mwambie tu, "Soma kama Kiswahili," umemaliza. Tena Waesperanto wamekaza kuliko sisi. Sisi tunayo barabára ya kupita gari na barábara ya mambo kwenda sawasawa. Kwao hakuna mwanya huo.

Mimi sikuambiwa hivyo. Nilijifunza kwa kijitabu cha Kiingereza, ambacho kilinipa neno la Kiingereza linioneshe a inatamkwaje, na neno lenyewe nalisoma kwa lafudhi ya kwetu Pemba. Kumbe a ile ilikuwa a ya baba. Makubwa yalikuwa kwenye j. Katika Kiesperanto j ni y ya yai. Neno lao la "na" huandikwa kaj. Miezi sijui mingapi nasoma "kaji". Wingi wa libro, kitabu, ni libroj, na mimi nasema "libroji", na najisifu kwamba naendelea. Siku niliyomsikia msemaji wa kweli kwenye simu, anasema kai, kai, kai, nikadhani kuna mtu anaitwa.

Kwa hivyo ubaoni naandika j mwanzo kabisa, kabla ya salamu. Kisha herufi zenye kofia: ĉ ni ch ya chai, ŝ ni sh ya shamba, ĝ ni j ya jahazi, ĥ ni kh ya kheri, ambayo ndiyo adimu kuliko zote. Herufi ni 28, na kwenye simu isiyo na kofia wanafunzi wanaandika cx, gx, sx, na wanaelewana. U yenye kofia, ŭ, ni w inayofunga silabi. Hapo pana mtego. Hodiaŭ, leo, ni ho-DI-aŭ. Watu wetu wanaihesabu ŭ kuwa irabu, wanasema ho-di-A-u. Na libroj ni LI-broj, si li-BRO-i.

Zinabaki mbili ngeni. C ni ts, na mwenye bibi wa Kingazija, wa Komoro, haimsumbui, kwao ipo. Ĵ ndiyo ngumu, lakini tunayo njia. Chuoni, tulikosomea Kurani, tulipofundishwa makhraji, yaani herufi inatokea wapi mdomoni, mwalimu hakutwambia "sema kama Mwarabu", alitwambia ulimi uweke wapi. Basi fanyeni hivyo hivyo. Shika koo. Sema sss. Sasa zzz. Koo limetikisika? Haya, sema shhh, ulimi usiuhamishe, tikisa koo. (Ukumbi unajaribu.) Ndiyo hiyo. Mzee wangu pale ameipata kabla ya vijana.

Sasa nikae hapa kidogo, maana ndipo darasa langu linapofia. Kiswahili hakipendi konsonanti zilopandana bila irabu katikati. Mvulana ni knabo. Mwanafunzi atasema "kinabo". Barabara ya mjini ni strato; atasema "sitirato". Kitenzi cha sasa kinaishia as, mi amas, napenda. Atasema "mi amasi". Ukimwambia "usitie i", hakusikii, kwa sababu hajui kuwa ametia.

Niliteseka na hili mpaka siku moja nikaandika knabo ubaoni, na juu ya k nikachora kiduara. Sukuni, alama ya Kiarabu ya herufi isiyo na irabu. Darasa zima likanyamaza, halafu mtoto mmoja akasema "k'nabo" bila kosa. Kumbe ndimi zao tangu zina miaka mitano zinafunga herufi kwa sukuni, zinasimama kwenye nun na mim, n na m za Kiarabu, mwisho wa aya bila ya kutia irabu. Ujuzi ulikuwepo, nilikuwa sijauita kwa jina lake. Tatizo likabaki moja: chuoni tunaambiwa neno halianzi na sukuni, na Zamenhof hakusoma chuo chetu. Dawa yake ni kuazima irabu ya neno la nyuma. La knabo, mvulana yule, kisome lak-nabo. La strato kiwe las-trato. Mi scias, najua, kitenzi kinachowatoa jasho hata Wazungu, kiwe mis-tsi-as. Wakishazoea, neno la mbele unaliondoa polepole, kama unavyomwachia mtoto baskeli.

Sarufi. Mtasikia ikisifiwa kwamba ina kanuni 16 tu. Nakuombeni msimwambie mwanafunzi hivyo. Kanuni zile 16 ziliandikiwa mtu aliyekwisha soma sarufi za Ulaya. Zinamtajia istilahi na kumpita. Anayeanza akikuta ya 17 atahisi kaibiwa.

Miisho ni rahisi, nitapita mbio. O ni nomino, a ni kivumishi, e ni kielezi. Kitenzi: as ni sasa, is ni iliyopita, os ni ijayo. Sisi na-li-ta tunaivaa kichwani, wao as-is-os wanaivaa miguuni. Kukanusha ni ne mbele ya kitenzi, basi. Mgeni anayejifunza Kiswahili, anayelia na ninasoma, sisomi, nilisoma, sikusoma, angefarijika sana.

Upatanisho pia usiutolee jasho. Granda fiŝo, samaki mkubwa. Grandaj fiŝoj, samaki wakubwa. Kwa nini kivumishi kinafuata? Mwingereza atauliza. Wetu hawaulizi, mtu aliyekulia kwenye kisu kikubwa na visu vikubwa anaona ni adabu tu.

Lakini iko sehemu moja ambayo mtoto wetu si kwamba hapati shida tu, bali anakuwa tajiri. Boli ni kuchemka, boligi, kuchemsha. Dormi ni kulala, dormigi, kulaza. Rompi ni kuvunja, rompiĝi, kuvunjika. Tazameni: ig ni -sha na -za zetu, iĝ ni -ika yetu. Vitabu vya Kiingereza hapo vinazunguka ukurasa mzima, kusababisha kitu kiwe, kitu kuingia katika hali. Mimi naandika chemka, chemsha, vunja, vunjika, nakaa chini, na darasa linaniongeza mifano mpaka kengele. Ila msijione mmefika. Sidi ni kuwa umekaa, sidiĝi ni kukaa kitako kutoka kusimama, na sisi yote mawili twasema "kaa". Hapo Kiswahili kinakuacha pwani.

Kuunda maneno ni mchezo wao mkubwa. Ej ni mahali: lerni, kujifunza, lernejo, skuli; kuiri, kupika, kuirejo, jiko; kafo, kahawa, kafejo, mkahawa. Il ni chombo: tranĉi, kukata, tranĉilo, kisu. Mal inageuza. Na sana, msishangae, ni mwenye afya. Malsana, mgonjwa. Malsanulo, mtu mgonjwa. Malsanulejo, pahala pa wagonjwa, hospitali. Neno hilo moja nalifundisha kipindi kizima, na watoto wanalitamka njiani kwa kukomoana.

Nimesema sana, nisije nikasahau maneno yanayofanana na yetu. Mia ni "yangu", si 100. Nazo ni pua. Ni ni "sisi", na hapo ndipo anapotokea kijana anakwambia mi ni instruisto, akikusudia "mimi ni mwalimu", kumbe kasema mimi sisi mwalimu. Aseme mi estas instruisto. Na kiu ni "nani". Siku ya kwanza nilimwuliza msichana mmoja, Kiu vi estas? Akainuka kwa heshima akaenda kuniletea maji. Nikayanywa. Sikuwa na kiu, lakini ningefanyaje?

Sasa n. Kiesperanto kinamtia n yule anayetendwa. Juma lavas la infanon, Juma anamwogesha mtoto. Geuza: La infanon lavas Juma. Bado ni Juma anayeogesha. Watu wanaiogopa n hii kama pweza. Mimi nawaambia walimu wa Kiswahili, mnaijua yambwa tendwa, yaani huyo anayetendwa? Ile m katika "anamwogesha" inamwashiria nani? Mtoto. Basi m ile imehama kwenye kitenzi, imekwenda kuning'inia mkiani mwa mtoto.

Maelezo haya yanafaa, lakini yana kasoro yake, na iliniwia vigumu kuijua. Wanafunzi wangu waliitia n kwa watu na kuisahau kwa vitu. Li vidis Juman, sawa, kamwona Juma. Halafu li manĝis rizo, kala wali, bila n. Nikawalaumu uvivu. Kumbe lugha yetu ndiyo inayofanya hivyo! Kumwona mtu lazima useme kamwona. Lakini wali unasema kala wali, huweki kitu. Walikuwa wanafuata Kiswahili kwa uaminifu kuliko mimi niliyewafundisha. Siku hizi mifano ya n naanza na vitu: rizon, panon, fiŝon. Watu baadaye. Na wakishaizoea wataimwaga kila pahala, wataitia hata baada ya estas, isipotakiwa. Waacheni wiki mbili. Inapungua.

Sitawaficha kuwa kuna mambo wanafunzi wangu hawakuyapenda. Yeye yetu ni moja, wao wana li kwa mwanamume na ŝi kwa mwanamke, na darasani kwangu kila mtu amekwisha badilishwa jinsia mara kadhaa. Wako wasemaji siku hizi wanaotumia ri kwa wote, ingawa si ya asili. Kwa Mswahili ingekuwa nafuu. Na patro ni baba, mama ni patrino, yaani kwa kuivunja, baba wa kike. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akija na mwanawe, alinyanyua mkono: "Mwalimu, mimi ndo n'levumbuliwa mwisho?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Yeye huyo huyo ndiye aliyeniuliza shikamoo wanaisemaje. Nikamwambia kuna saluton, ya wote, mkubwa na mdogo, na vi, wewe au nyinyi, ya wote, mmoja na wengi. Akaniangalia. Akasema mwanawe hatomwambia mtu mzima saluton kavukavu akaondoka.

Basi Jumamosi zetu ndivyo zilivyo mpaka leo. Naingia, darasa linasimama: Shikamoo, instruisto. Naitikia marahaba, wanakaa kitako, wenyewe wanasema sidiĝi, na ndipo tunafungua madaftari.